Seva imegoma baada ya apdeti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ninahudumia seva ndogo ndogo, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine za ofisi: za maduka ya dawa, shule, nyumba za wageni, vyama vya msingi vya korosho na ofisi za kawaida, kuanzia Mtwara Mjini hadi Masasi na Newala, na upande wa pili hadi Lindi na Kilwa Masoko. Nyingi ni kompyuta moja tu iliyowekwa pembeni ya meza ya mhasibu, feni imejaa vumbi, inaendesha mfumo endeshi wa Ubuntu Server au Windows Server. Maswali ya hapa chini, ya seva kugoma baada ya apdeti (masasisho ya mfumo), ndiyo yanayonijia kwenye simu, karibu yote kabla ya saa tatu asubuhi. Nimeyaacha yalivyo.

## Fundi, seva ilijiapdeti usiku, asubuhi hii skrini nyeusi. Nichomoe umeme niwashe upya?

Usichomoe kwanza. Inama utazame taa ndogo ya diski mbele ya kasha. Ikiwa inamemeta, hata kwa kusuasua, kazi inaendelea. Iache imalize. Windows Server iliyo kwenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuganda kwenye asilimia 30 zaidi ya saa nzima, halafu ikaruka mpaka 100 kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiikatia umeme hapo umeikata ikiwa inabadilisha mafaili yake yenyewe, na shida ya dakika arobaini inageuka ya siku mbili.

Taa ikiwa imetulia kabisa, bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa ya kibodi ikiitikia, mashine iko hai na huenda kinachokosekana ni picha tu. Angalia kebo ya monita imechomekwa tundu lipi. Nimewahi kupanda gari kutoka Mtwara hadi Newala, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikakuta aliyefagia chumba aliichomoa kebo akairudisha kwenye tundu lisilotumika. Seva ilikuwa inapiga kazi muda wote. Tangu siku ile hilo ndilo swali langu la kwanza kwenye simu, na wateja hukasirika kidogo nikiwauliza.

Kibodi nayo ikiwa haiitikii na taa ya diski imelala zaidi ya nusu saa, sasa shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Iwashe tena, kaa mbele yake, uandike inakwama wapi. Kuna tofauti kubwa kati ya seva isiyoonyesha hata nembo ya mtengenezaji, ile inayoanza kupanda ikafia njiani, na ile inayofika mpaka kwenye kuingia lakini programu ya ofisi haifunguki.

## Haionyeshi hata nembo. Inalia tu pi, pi, pi.

Hapo apdeti haina hatia. Mashine haijaufikia hata mfumo endeshi. Ukanda wetu huu hewa ya bahari ina chumvi, na ofisi za Shangani au Mikindani zinazofungua madirisha kutwa nzima zinaivuta yote ndani. Chumvi hula miguu ya vijiti vya kumbukumbu (RAM) taratibu. Maadamu mashine imewaka, inavumilia. Siku ikizimwa na kuwashwa, inagoma.

Zima, chomoa waya wa umeme, toa vijiti vya kumbukumbu, sugua sehemu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, futa mabaki kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka visikike “tak” pande zote mbili. Nusu ya hizi simu zinaishia hapo.

## Kwa hiyo apdeti ndiyo iliyoiharibu au la?

Mara nyingi inasingiziwa. Kinachoumbua ni kule kuzimwa na kuwashwa upya.

Chukua duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Seva ilikuwa haijazimwa zaidi ya mwaka, na mwenyewe akijisifu kwa hilo. Ndani ya mwaka ule kijana mmoja aliongeza anwani ya mtandao kwa amri ya mkono bila kuiandika kwenye faili. Mwingine aliunganisha diski ya pili kwa mkono. Wa tatu aliwasha programu ya mauzo kwenye dirisha la amri, akaondoka. Vyote vitatu viliishi kwenye kumbukumbu tu. Siku apdeti ilipodai seva izimwe na kuwashwa, vikafutika kwa pamoja, na mzee akanipigia: “Apdeti imekula mtandao, imekula diski na programu.” Haikula kitu. Umeme ungekatika Jumanne yoyote, yangetokea yale yale.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuapdeti seva nisiyoijua, naizima na kuiwasha kama ilivyo. Ikigoma, najua ugonjwa ulikuwemo, na mwenye seva anashuhudia kwa macho yake.

Ukitaka ushahidi wa kilichoingia, Ubuntu huandika kila kitu, pamoja na saa, kwenye `/var/log/apt/history.log`. Windows fungua dirisha la amri la PowerShell uandike `Get-HotFix`, utaona namba za KB, yaani namba ya kila apdeti, na tarehe zake. Ikiwa programu ilianza kusumbua Jumatatu na apdeti iliingia Alhamisi, tafuta mchawi mwingine.

## Ubuntu inaandika “Kernel panic” na “unable to mount root fs”. Data zimekwenda?

Data zipo. Maneno hayo yanatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Kerneli ndiyo moyo wa mfumo. Kila apdeti ya kerneli huleta mafaili mapya kwenye sehemu inayoitwa `/boot`, na pamoja nayo hutengenezwa faili dogo la kuanzia, initramfs, lenye draiva za kuufikia mfumo ulio kwenye diski. Seva nyingi ziligawiwa `/boot` ndogo siku ya kwanza. Kerneli za zamani zikirundikana, sehemu inajaa, faili la kuanzia linashindwa kukamilika, na kerneli mpya inaamka bila kuiona diski.

Washa upya. Mara tu nembo ikipita, shikilia Shift. Kwenye mashine mpya za UEFI gusa Esc mara moja. Gusa mara moja kweli, maana ukiirudia unaweza kutupwa kwenye mstari mtupu wa amri wa GRUB, programu inayouamsha mfumo. Itatokea menyu. Ingia “Advanced options for Ubuntu”, chagua kerneli ya pili kutoka juu, yaani ile ya kabla ya apdeti. Kwa kawaida seva inapanda bila neno, na ofisi inaendelea na kazi wakati wewe unatengeneza kwa utulivu:

`df -h /boot` kuona imejaa kiasi gani.
`sudo apt autoremove --purge` kuondoa kerneli zisizohitajika.
`sudo update-initramfs -u -k all` kutengeneza upya faili la kuanzia.
`sudo update-grub` kusasisha menyu.

Usiende kwenye `/boot` ukafuta kwa `rm` kila unachokiona ni cha zamani. Andika kwanza `uname -r`, ujue umesimama kwenye kerneli ipi. Nimeshuhudia mtu akilikata tawi alilokalia.

## Umeme ulikatika apdeti ikiwa katikati.

Kwenye Ubuntu, tulia. Apdeti ina hatua mbili: kwanza inashusha vifurushi vyote vya programu, kisha inavifunga, yaani inavisimika kwenye seva. Ukikatika wakati wa kushusha, hakuna kilichoguswa. Ukikatika wakati wa kufunga, baadhi ya vifurushi vinabaki nusu nusu. Seva ikipanda, andika:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Isipopanda, pita kwenye ile menyu ya GRUB uchague “recovery mode”, ingia kama root, yaani msimamizi mkuu, uandike amri zilezile bila `sudo`. Diski ikifunguka kwa kusoma tu, itangulize `mount -o remount,rw /`.

Windows yenyewe hurudisha nyuma apdeti iliyokatika, na hapo tena usiiingilie. Huchukua muda mrefu kuliko kuifunga.

UPS, kile kisanduku kinachoishikilia seva umeme ukikatika, nayo ina betri inayozeeka. Wateja wengi wana ile ndogo ya VA 650 waliyoinunua miaka minne iliyopita; inalia vizuri, lakini ukiichomoa ukutani inashikilia seva kwa sekunde ishirini. Ijaribu mchana, siku ambayo hakuna apdeti.

## Inasema “Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend”. Nimeambiwa nilifute hilo faili.

Aliyekuambia hivyo hatakuja kukusaidia baadaye. Kufuli lipo kwa sababu kuna programu nyingine inafunga vifurushi wakati huohuo, mara nyingi ile ya Ubuntu inayojiapdeti yenyewe. Subiri dakika kumi. `ps aux | grep apt` itakuonyesha anayeshikilia.

## Seva imewaka, lakini kompyuta za ofisi haziioni.

Kaa kwenye seva yenyewe, uandike `ip a`. Tazama jina la kadi ya mtandao na kama ina anwani.

Ubuntu huzipa kadi majina kulingana na zilivyochomekwa kwenye ubao: `eno1`, `enp2s0` na kadhalika. Kerneli mpya, au kadi iliyohamishwa tundu, inaweza kubadilisha `enp2s0` kuwa `enp3s0`. Faili lililoko `/etc/netplan` bado linamtafuta mtu wa zamani, kwa hiyo kadi mpya inabaki bila anwani. Rekebisha jina, au bora zaidi itambue kadi kwa namba yake ya kudumu ya MAC ili jina likibadilika lisikusumbue. Kisha tumia `sudo netplan try`. Amri hii inajaribu mipangilio na kuirudisha ya zamani yenyewe baada ya sekunde 120 usipoithibitisha. Kwa anayefanya kazi hii kwa mbali, hizo sekunde 120 ni nauli ya kwenda na kurudi Nachingwea.

Kama mipangilio yako inafutika kila ukiwasha, tazama kama faili linaitwa `50-cloud-init.yaml`. Hilo linaandikwa na programu nyingine, na lenyewe linakuambia hivyo kwenye mistari yake ya juu ambayo hakuna anayeisoma.

Kwenye Windows Server kisa ni kingine. Baada ya kuwaka, seva huweza kuuona mtandao wa ofisi kama mtandao wa umma, na fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) inafunga milango yote. Andika `Get-NetConnectionProfile`. Ukikuta “Public” mahali pa mtandao wa ofisi, zima kadi ya mtandao na uiwashe tena kwa `Restart-NetAdapter *`, uangalie upya. Windows Server 2025 zinazosimamia watumiaji wa ofisi nzima zilijulikana kwa kasoro hii hasa. Usizime fayawoli yote eti kwa majaribio. Majaribio ya namna hiyo yana tabia ya kudumu miaka miwili.

## Inakwama kwenye “A start job is running”, inahesabu mpaka sekunde 90, halafu “emergency mode”.

Nani ameondoka na diski ya nje?

Sitanii. Ofisi moja ilikuwa na diski ya USB ya bakapu iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski, kama sehemu ya lazima ya seva. Mhasibu, mama mwangalifu sana, alikuwa akiibeba nyumbani kwenye mkoba kila Ijumaa isije ikaibiwa. Wazo zuri kabisa. Ijumaa moja usiku seva ikajiapdeti, ikazima na kuwaka, ikaitafuta diski, ikasubiri sekunde 90, ikasusa. Jumatatu mama alirudi nayo, akaichomeka kimya kimya, na seva ikawa bado imesusa kwa sababu hakuna aliyeiwasha upya. Nusu siku watu wakaandika risiti kwa mkono.

Ingiza paswedi ya root, fungua `/etc/fstab` kwa `nano`, na kwenye mstari wa diski ile ongeza `nofail` baada ya `defaults`, zikitenganishwa na mkato bila nafasi. Toka, `reboot`. Safari ijayo itaipungia mkono diski isiyokuwepo na kuendelea.

Diski isiyoonekana ikiwa ni ya ndani, `journalctl -b -p err` itakuambia zaidi. Ukiona “I/O error” imejirudia mistari mingi, acha kurekebisha, anza kuokoa nakala.

## Nimepandisha Ubuntu toleo zima. Programu ya ofisi imekufa, na kwenye databesi hakuna hata mteja mmoja!

Hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu kwa mikono yao.

Kupandisha toleo hakufanani na apdeti ya kila wiki. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4 (lugha ya kuandikia programu za wavuti), 22.04 ina 8.1, 24.04 ina 8.3. Programu iliyoandikwa na kijana wa chuo enzi za 7.4 inaweza kugoma kwenye 8.1 kwa sababu mambo iliyokuwa inasamehewa sasa yanahesabiwa makosa. Ukifungua ukurasa ukaona msimbo wenyewe wa PHP badala ya ukurasa, Apache, programu inayotoa kurasa, haijaunganishwa na PHP mpya: `sudo a2dismod php7.4`, kisha `sudo a2enmod php8.1`, kisha `sudo systemctl restart apache2`. Ukiona kosa namba 500, soma `/var/log/apache2/error.log`, mstari wa mwisho unataja faili na mstari uliokosea.

Sasa databesi. PostgreSQL, programu ya databesi, kwenye 20.04 ni toleo la 12, kwenye 22.04 ni la 14, kwenye 24.04 ni la 16. Toleo jipya haliwezi kusoma makabrasha ya zamani moja kwa moja. Ubuntu inalifunga jipya pembeni ya la zamani, likiwa tupu, kwenye poti (mlango wa mtandao) 5433, na la zamani linabaki na data zako kwenye 5432. Kisha mchakato wa kupandisha unauliza kama uondoe vifurushi vilivyopitwa na wakati, mtu anajibu ndiyo bila kusoma, na injini ya toleo la 12 inaondolewa. Programu inagonga 5432, hakuna anayefungua. Fundi wa haraka anaielekeza 5433, inafunguka, na ndani hakuna kitu. Kilio kinaanzia hapo.

Andika `pg_lsclusters`. Utaona mistari miwili: 12 ikiwa imelala na 14 ikiwa hai. Data zako ziko `/var/lib/postgresql/12`, hazijaguswa. Kabla ya lolote, nakili kabrasha lote la `/var/lib/postgresql` kwenye diski nyingine. Rudisha injini ya 12 kutoka kwenye hazina ya vifurushi ya PostgreSQL wenyewe. Hakikisha kwa macho yako kwamba 14 ni tupu kweli na hakuna mtu aliyeanza kuingiza mauzo humo tangu asubuhi. Ndipo:

`sudo pg_dropcluster 14 main --stop`
`sudo pg_upgradecluster 12 main`

Amri ya kwanza inafuta. Ukikosea namba ukaandika 12, umefuta biashara ya mtu. Mimi naisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter, hata kama ofisini wananitazama.

MySQL, databesi nyingine, ina lake: ukitoka 5.7 kwenda 8.0, mistari ya zamani kama `query_cache_size` kwenye faili la mipangilio inaizuia kuwaka, kwa sababu kipengele hicho kiliondolewa. Futa mstari, washa.

## Siwezi tena kuingia kwa mbali. PuTTY inakataa ufunguo.

PuTTY yako, ile programu ya kuingilia seva kwa mbali, ni ya lini? OpenSSH, inayokupokea upande wa seva, kuanzia 8.8 iliacha kukubali saini za RSA za SHA-1, na Ubuntu 22.04 ina 8.9. Ufunguo unaweza kuwa mzima, ila programu iliyo kwenye laptopu yako inasaini kwa namna ya kizamani. Shusha PuTTY mpya. Ukiwa unatengeneza ufunguo mpya, tengeneza wa ed25519.

Ukipandisha toleo kwa mbali, `do-release-upgrade` hufungua mlango wa akiba, poti 1022, endapo ule wa kawaida utafungika njiani. Fungua poti hiyo kwenye fayawoli kabla, la sivyo mlango upo na ukuta upo mbele yake.

## Windows Server inawaka, dakika chache inajizima, inawaka tena. Mzunguko hauishi.

Hili linaweza kuwa kosa la apdeti kweli. Apdeti za tarehe 11 Januari 2022 zilizifanya seva za Windows zinazosimamia watumiaji na paswedi za ofisi kujiwasha upya zenyewe bila kukoma. Microsoft walitoa marekebisho ya dharura tarehe 17 Januari, siku sita baadaye.

Chomoa kebo ya mtandao kwanza. Wakati mwingine hiyo inaipa seva utulivu wa kutosha kuingia na kuiondoa apdeti kwa `wusa /uninstall /kb:` ukimalizia na namba yake. Isipoingilika kabisa, washa kwa flashi ya Windows, nenda sehemu ya kurekebisha, fungua dirisha la amri:

`dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Tahadhari: ukiwa humo, herufi C inaweza kuwa si diski uliyoizoea. Andika `dir C:\` uone kama kuna kabrasha la Windows.

Baada ya kisa kama hiki, mimi siwafungii wateja apdeti siku ileile inapotoka. Microsoft huzitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Naziacha wiki nzima, wenye haraka duniani watangulie kuonja mchuzi.

## Printa zinadai paswedi ya msimamizi kila mtu akitaka kuprinti.

Ni makusudi. Agosti 2021 Microsoft walibana ufungaji wa draiva za printa baada ya kugundulika tundu lililoitwa PrintNightmare. Funga draiva ileile, toleo lilelile, kwenye seva na kwenye kila kompyuta ukiwa msimamizi, mara moja, na madai yataisha.

## Apdeti inakataa, inasema faili “is not valid yet”.

Tazama tarehe ya seva: `timedatectl`. Ukikuta iko miaka kadhaa nyuma, kibetri cha CR2032 kwenye ubao kimekufa, na kila umeme ukikatika saa inasahau. Seva iliyo mwaka jana haiwezi kuamini cheti kilichotolewa mwezi huu. Kibetri kinapatikana mpaka kwa mafundi saa wa sokoni. Ukishabadili: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, na `sudo timedatectl set-ntp true`.

## Tangu tuapdeti, kila asubuhi seva nzito mpaka saa nne.

Kesi moja ya namna hii ni yangu mwenyewe, na naikiri. Mteja aliniambia bakapu ianze saa nane usiku. Nilikuwa nimechoka, nikaandika 8 kwenye ratiba. Kwa seva, 8 ni saa mbili asubuhi, ofisi inafungua milango. Kwa kuwa wiki ileile niliapdeti, wote tukailaani apdeti kwa siku tano, mimi nikiwa wa kwanza. Saa nane usiku ni 2. Andika `sudo crontab -l`, ratiba itatokea, uisome kwa saa za seva.

Ikiwa ratiba ziko sawa, andika `top` uone nani anakula mashine. Siku ya kwanza baada ya apdeti ya Windows, uzito wa saa moja mbili ni wa kawaida.

## Naweza kurudi toleo la nyuma?

Windows, apdeti moja moja unaziondoa. Ubuntu, kutoka 24.04 kurudi 22.04 hakuna njia hiyo. Unarudi kwa bakapu. Kama seva yako inaishi ndani ya Proxmox au mfumo kama huo wa kuendesha seva ndani ya seva, piga picha ya hali yake kabla ya kuanza, na kurudi kunachukua dakika. Picha ile hukaa kwenye diski ileile, kwa hiyo diski ikifa vinakufa pamoja. Usiihesabu kuwa bakapu.

## Si bora nizime apdeti kabisa?

Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja la Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, kikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Waliokuwa wameapdeti kwa ile miezi miwili hawakuingiliwa kupitia hapo.

Halafu kuna siku apdeti zinaisha zenyewe. Windows Server 2012 na 2012 R2 zilifikia mwisho wa huduma tarehe 10 Oktoba 2023, na bado ninazikuta. Windows Server 2016 ni Januari 2027. Ubuntu 20.04 huduma yake ya kawaida iliisha 2025; 22.04 itaisha 2027.

## Wakati gani mzuri wa kuapdeti huku kwetu?

Msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, waachie watu seva zao. Chama cha msingi kinachosubiri malipo ya wakulima hakina subira na asilimia 30 ya mtu yeyote. Mimi napenda Jumamosi mchana. Ijumaa jioni hapana: ikiharibika, duka la vipuri limefungwa.

Na vipuri ndiyo hesabu yenyewe. Diski ya seva kwa kawaida inatoka Kariakoo, inapanda basi, inafika kesho yake, barabara ikiwepo. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika upande wa Kilwa, na hakuna basi lililopita. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha. Kwa hiyo nashusha kila kitu kwanza, `sudo apt upgrade --download-only`, usiku bando likiwa rahisi, na nafunga mchana nikiwa na diski ya akiba mkononi. Mteja akikataa kununua diski ya akiba, naahirisha.

## Nikikupigia, nikuambie nini?

Picha ya skrini nzima, iliyosomeka, bila mwanga wa dirisha kuangukia kioo. Ubuntu au Windows, toleo lipi. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini, na nani aliigusa baada ya hapo, hata kama ni wewe. Bakapu ya mwisho ni ya tarehe gani na iko wapi. Kama seva inaingilika, nitumie majibu ya `systemctl --failed` na `journalctl -b -1 -p err`. Na monita, tafadhali, angalia kebo yake imechomekwa wapi.